Baridi mnaisingizia tu

Kila Januari napigiwa simu ileile. Baba mdogo, anayefuga ng'ombe wanne wa maziwa kule kwetu nyanda za juu, huniona kwenye video nimevaa makoti mawili, ndevu zimeganda barafu, halafu huuliza: "Sasa hao ng'ombe wanaishije huko?" Namjibu kwamba wanaishi vizuri kuliko mimi. Anadhani namtania.

Nafanya kazi kwenye shamba la maziwa hapa Wisconsin, Marekani, na huu ni msimu wangu wa tano wa baridi. Leo saa kumi alfajiri kipimo kilisoma nyuzi 24 chini ya sifuri. Niliwakuta ng'ombe wanacheua kama kawaida, vinyweleo vya midomoni vimekuwa vyeupe kwa umande ulioganda. Wawili waliokuwa uani walikuwa na theluji mgongoni. Mwaka wa kwanza niliona theluji ya namna hiyo nikakimbilia ufagio, mzee mwenye shamba akacheka hadi akashika ukuta. Kumbe theluji isiyoyeyuka mgongoni ni dalili nzuri: manyoya yamezuia joto la mwili lisipotee. Ng'ombe mkubwa aliye mkavu, ameshiba na amekingwa upepo, hahangaiki hadi nyuzi kama kumi chini ya sifuri. Ikishuka zaidi ya hapo anaongezewa chakula, maana tumbo lake ndilo jiko lake. Majani yanavyochachuka mle ndani ndivyo anavyopata moto.

Kinachotutesa ni maji. Ng'ombe mwenye maziwa mengi anaweza kunywa lita 100 kwa siku, na maziwa yenyewe karibu asilimia 87 ni maji, kwa hiyo hori likiganda usiku, jioni ya pili unaona upungufu kwenye tangi. Hori zetu zina vipasha joto vya umeme, na bado kila asubuhi natembea na nyundo, maana siku umeme ukileta kiburi hakuna anayekupigia simu kukuarifu. Kuna na chuchu. Baada ya kukamua tunazichovya kwenye dawa, tunasubiri nusu dakika, halafu tunazifuta zikauke kabisa kabla ng'ombe hajatoka nje. Chuchu mbichi kwenye upepo ule inapasuka, na chuchu iliyopasuka ni mlango wa ugonjwa wa kiwele. Barafu ya sakafuni tunaimwagia mchanga. Ng'ombe akiteleza miguu ikatawanyika, mara nyingi hainuki tena.

Lakini nimekaa kuandika kwa sababu ya ndama.

Ndama mchanga anaanza kusikia baridi kwenye nyuzi 15. Nyuzi 15! Kwetu kusini mwa Tanzania, Juni na Julai usiku unashuka chini ya hapo bila kuuliza mtu. Yaani ndama wa baba mdogo naye ana majira yake ya baridi, ila hakuna anayeyaita hivyo. Huku ndama akizaliwa tunamfuta kwa mataulo hadi manyoya yasimame, kitovu kinachovywa kwenye iodini, na ndani ya saa mbili anakuwa amekunywa lita nne za dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama yenye kinga. Asiponyonya mwenyewe anapewa kwa mpira wa kupitisha kooni. Baada ya siku moja utumbo hauruhusu tena kinga ile kupita, hata ukimpa pipa zima ni kazi bure. Halafu anavishwa koti, anawekwa kwenye mabua ya ngano marefu kiasi kwamba akilala miguu huioni. Ninavyopima matandiko ni hivi: napiga magoti, nahesabu hadi ishirini, nainuka. Suruali ikiwa na unyevu magotini, naongeza mabua. Maziwa yanamfikia yakiwa na joto la mwili wake, na siku za baridi kali mara tatu badala ya mbili.

Sasa niseme kosa langu. Msimu wa pili niliachiwa banda la ndama peke yangu kwa wiki moja. Usiku wa kwanza upepo ulivuma, roho ikaniuma nikateremsha mapazia yote ya pembeni, nikaziba hadi nyufa za milangoni kwa magunia. Asubuhi ndani palikuwa na ujoto mzuri. Nikajipongeza. Siku ya tatu mapazia yalikuwa yanatiririka maji kwa ndani, na nilipoinama kumnywesha mmoja, macho yalinichoma kwa harufu ya mkojo. Mimi niliyesimama sikuwa nimeinusa. Yeye anayelala alikuwa anaivuta usiku kucha. Siku ya tano kikohozi. Wanane waliugua homa ya mapafu, wawili tuliwazika. Mzee aliporudi hakunifokea. Alipandisha pazia moja hadi juu, baridi ikaingia kama kisu, akasema ndama anaweza kuishi na hewa baridi, hawezi kuishi na hewa chafu.

Tangu siku ile kila nikikumbuka mabanda ya ndama ya kwetu nasikia vibaya. Chumba kidogo nyuma ya nyumba, mbao hadi juu, sakafu ya udongo iliyolowa mkojo, giza. Tunamfungia humo kwa huruma, kama nilivyofanya mimi. Anakohoa, anadhoofu, anakufa, na jirani akija kutoa pole tunamwambia baridi ya mwaka huu imezidi.

Na yule ndama ana njaa. Hapa ndipo mimi na baba mdogo tunapogombana. Ndama wake anapata lita mbili kwa siku, moja asubuhi moja jioni, na wakati wa baridi hizohizo mbili. Nikimwambia aongeze hata moja ananijibu, "Nikimpa ndama, niuze nini?" Siwezi kumbeza, mimi nalipwa kwa saa, yeye anaishi kwa mtungi ule. Ila lita inayonyimwa ndama haikai mfukoni muda mrefu. Mtamba, yaani jike ambalo bado halijazaa, aliyedumaa utotoni anachelewa kupandwa, anachelewa kuzaa, na miezi yote hiyo ya kungoja anakula mabingobingo bila kukupa hata kikombe. Watu wananiambia huku kuna mashine. Zipo. Lakini kitu kinachomwokoa ndama kwenye nyuzi 24 chini ya sifuri ni maziwa ya kutosha, pahali pakavu na hewa safi, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachochomekwa kwenye umeme.

Sisemi huku kila kitu ni cha kuigwa. Ndama anaondolewa kwa mama yake kabla hata hawajajuana, mama analia siku nzima, na mimi hadi leo nikipita pale natembea haraka. Baba mdogo anajua kila ng'ombe wake ni mtoto wa nani na alimpiga nani teke. Mimi nasoma namba sikioni.

Kuhusu chakula sina mengi. Sileji ya huku, yaani malisho mabichi yanayokatwakatwa na kushindiliwa ili yahifadhike, inafunikwa Septemba kwa sababu kila mtu anajua Desemba inakuja. Na kiangazi chetu kinakuja kila mwaka, hakijawahi kupotea njia, ila kila Septemba tunashangaa majani yameenda wapi, ilhali Machi tuliyaacha yakomae hadi yakawa miti. Shimo, panga, nailoni na watu wa kukanyaga vinatosha.

Mwezi uliopita nilimbana baba mdogo sana kwenye simu. Shikamoo zikaisha, nikamwomba ang'oe mbao mbili za juu kwenye banda la ndama, upande usiopigwa na upepo. Akanyamaza. Akasema atafikiria. Juzi amenitumia picha: ameng'oa moja, na kwenye lile pengo ametundika gunia. Nikampigia. Akaniambia gunia ni la usiku tu.