Nimefungiwa Bandani na Mama Mkwe, Upepo Ndo Umefunga

Jamani kama una mama mkwe kaa chini usome hii, na kama huna soma tu, ipo siku utampata.

Mi naishi Leicester, Uingereza. Huku watu wa mjini wasio na uwanja wanakodi vibustani vya halmashauri, eneo moja kubwa limekatwakatwa vipande, kila mtu na kipande chake na kibanda cha mbao cha kuwekea vifaa. Kipande kizima kwa desturi ni mita za mraba kama 250 hivi. Foleni yake ndefu balaa, jina langu lilikaa kwenye orodha mpaka nikasahau kama niliomba, kwa hiyo nilivyopata nikatamba kweli, nikapiga picha nikatuma kwenye grupu la familia, "shamba langu Ulaya". Mama mkwe naye akaiona. Sasa Mama anatokea Njombe, analima viazi mviringo tangu hajaolewa, na ile picha yeye alijua anaoneshwa kona ya shamba.

Basi akaja kututembelea, mwezi wa tatu, nikampeleka. Akasimama pale getini akaangalia, akaangalia tena, akaniuliza kwa upole, ule upole wa mtu mzima anayekuhurumia, "Baba, na lingine liko wapi?" Nikamwambia Mama ndo hili. Akapiga hesabu kichwani. "Robo ya robo ya ekari." Na ni kweli kabisa, nilikuja kuhakikisha kwenye simu. Hakuongeza neno, akakaza kitenge chake juu ya suruali aliyoazimwa na mke wangu, akaomba jembe. Nikampa uma, maana huku wanalima kwa uma na beleshi, unakanyaga kwa mguu. Akaugeuzageuza. "Hii ya kulimia au ya kugeuzia nyama?"

Eti mwezi wa tatu huku ndo mwanzo wa machipuko, usidanganyike na jina. Jua linatoka, unavua jaketi, linarudi ndani, mvua ya mawe inakupiga kisogoni, unavaa jaketi, jua hilo hapo linakucheka. Baridi haikumsumbua Mama hata kidogo, akasema Njombe mwezi wa saba ni hivihivi na kanisani watu wanajaa. Upepo ndo ulimshangaza. Upepo wa siku ile haukuwa unavuma, ulikuwa unagombana. Ndoo za watu zinapita, viti vinapita, vile vitambaa vyeupe vya kufunikia miche vimenasa juu ya miti. Nilikuwa na kagrinihausi ka plastiki, kale ka zipu kanakouzwa mtandaoni, nimekafunga kwa kamba kwenye matofali, nikawa namwambia Mama pale hakatoki kitu.

Tukatandaza samadi ya farasi, tukang'oa majani, yote hayo salama. Kisha Mama akataka kuziona mbegu. Huku huwezi kupanda viazi mapema, barafu ya usiku ikigusa jani asubuhi unakuta jeusi, kwa hiyo unazipanga mbegu kwenye trei za mayai, macho juu, karibu na dirisha zipate mwanga zichipue zikisubiri hali itulie. Zangu zilikuwa bandani. Nikamfungulia mlango nikabaki nje, si unajua tena, mkwe na mkwe hawabananishwi. Mvua ya mawe ikashuka. Mama akasema ingia baba, utaumwa. Nikaingia hatua moja tu, mgongo nimempa, uso nimeuelekeza nje, adabu zote zimekamilika.

Upepo ukauchukua mlango. PAA! Na nje tukasikia kitu kidogo, kach.

Komeo. Lile la chuma la kuangukia, limedondoka lenyewe mahali pake sawasawa, kitu ambacho mimi nikilifunga kwa mkono halijawahi kukubali.

Banda lenyewe urefu mita mbili, upana moja na nusu, na humo kuna mashine ya kukatia nyasi, toroli, magunia ya samadi, mimi, na mama mzazi wa mke wangu. Nikageukia ukuta huu, yeye akageukia ule, tukawa tunaongea na mbao. Simu? Ilikuwa kwenye jaketi na jaketi nimelitundika kwenye mpini wa uma nje, naliona kabisa dirishani linapepea, na mfuko unawaka mwanga, unazima, unawaka tena. Mke wangu huyo anapiga. Mama wala hana presha, kashika kiazi karibu na pua. "Hiki jicho limeoza." Akakitenga. Akachukua kingine, akapunguza machipukizi kwa kidole gumba, akabakisha mawili yale manene. Mi napiga mlango bega, yeye anachambua mbegu.

Mwisho nikasema bora dirisha. Kioo chake ni cha plastiki, nikakisukuma kikatoka, upepo ukakipokea ukaondoka nacho sijakiona mpaka leo. Nikapanda juu ya gunia la samadi. Kichwa kikapita, mabega yakapita kwa taabu, tumbo likakataa. Mbele haiendi nyuma hairudi, mvua ya mawe inanipiga utosini.

"Baba, nikusukume?"

"Hapana Mama! Usihangaike Mama!"

"Basi tulale humu?"

Sikuwa na jibu. Nikamsikia anapekuapekua, kumbe anatafuta gunia tupu, akalikunja mara nne, akaliweka katikati yake na makalio yangu, ili asije akamgusa mkwe wake, akasema "nisamehe mwanangu", akapiga bega. Mama ana nguvu aisee. Hapo hapo juu ya kichwa changu nikaona kagrinihausi kangu kanapita, kako wima, zipu imefungwa vizuri, kamba zinaning'inia bila tofali hata moja.

Mama alipoona sisogei akavuta pumzi akapaza sauti, "Hodiii! Hodi jamani!"

Na kwa jirani ikajibu, "Karibu!"

Tukanyamaza wote wawili. Jirani yangu ni mzee wa Kihindi, analima uwatu, giligilani na mung'unye, siku zote tunaongea Kiingereza na siku zote ni habari za mvua. Nikamwona kwa mbali anaendelea kulima, yani ile karibu ilimtoka tu yenyewe. Kisha beleshi likasimama. Akageuka huku, akageuka kule, akanikuta mimi, nusu mtu.

"Wewe nafanya nini kwa dirisha? Mlango iko hapa!"

Akaja akainua komeo kwa kidole kimoja. Kumbe mzee ni mzaliwa wa Jinja! Mama akatoka, shikamoo mzee, marahaba mama, habari za safari, habari za Jinja, na mimi bado nipo dirishani. Namsikia mzee anasimulia Idi Amin alivyowapa Wahindi wa Uganda siku 90 wawe wameondoka, mwaka 1972, na halmashauri ya Leicester ikalipia tangazo kwenye gazeti la huko Uganda kuwaomba wasije, mji umejaa. Mama akacheka mpaka akashika fensi. "Walivyotangaza ndo mkajua njia." Nikasema samahani wazee wangu, naomba msaada kidogo huku.

Mzee akanivuta mikono, Mama akarudi ndani na gunia lake, moja, mbili, tatu. Nikatoka. Suruali haikutoka. Mama alivyochungulia akajifunika gunia usoni akaimba pambio kwa sauti, na wanakamati wa bustani ndo walikuwa wanapita njiani kukagua hasara za upepo, wakatusalimia vizuri sana, Waingereza bwana, wakaangalia pembeni na kusema upepo leo ni mkali.

Jioni ikaingia barua pepe ya kamati kwa wanachama wote. Kuna grinihausi ya plastiki imeokotwa barabarani, mwenyewe aje kuichukua. Na tunakumbushwa kwamba kuishi ndani ya mabanda hairuhusiwi.

Mama akaomba nimsomee tena ile ya kwanza.

"Waulize kama wameifungua zipu," akasema. "Niliweka sweta langu mle na hela ya sadaka."