Kifusi cha Venzone na kifusi chetu

Juzi mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa Friuli, kaskazini-mashariki mwa Italia, kanilalamikia njia nzima kutoka Udine hadi Venzone: serikali yao bovu, halmashauri haijui kazi, treni zinachelewa. Naitikia tu "ehe, ehe", moyoni nacheka. Mtu anailalamikia Italia mbele ya Mzanzibari! Tulipofika akaniingiza kanisani kwao, na kicheko kikaniishia.

Venzone ni kimji cha watu kama 2,000, kimezungushiwa ukuta tangu karne ya 13, milima imekibana na mto Tagliamento unapita chini yake. Kanisa lake kuu, la Mtakatifu Andrea, liliwekwa wakfu mwaka 1338. Pembeni kuna kikanisa cha duara chenye maiti zilizokauka zenyewe bila dawa. Ya kwanza ilipatikana 1647, wanaiita Kibyongo. (Humo sikukaa. Astaghfirullah.)

Usiku wa 6 Mei 1976 tetemeko likaipiga Friuli, wakafa karibu watu 1,000. Kanisa likapasuka ila halikulala. Septemba ardhi ikatikisika tena, likaporomoka.

Sasa sikilizeni habari ya kifusi. Wenyeji walikataa kisizolewe na makatapila kikatupwe. Wakakusanya saini: mji urudi palepale, vilevile. Mawe ya kanisa yakatandazwa uwanjani, yakatiwa namba, yakalinganishwa na picha za zamani mpaka ikajulikana jiwe hili lilikaa ukuta gani, safu ya ngapi. Ujenzi ukaanza 1988, ukaisha 1995. Kanisa la Mtakatifu Yohane Mbatizaji wakaliacha gofu kwa makusudi, liwe ukumbusho.

Najua mnachosema huko. "Kashakuwa Mtaliano huyu, siku hizi anashinda makanisani." Jamani, swala zangu nasali. Nazungumzia mawe.

Kwa sababu siku sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la masultani pale Mji Mkongwe, inaanguka, 25 Desemba 2020, hapakuwa na tetemeko. Jengo la 1883, tena liko kwenye matengenezo, hela ya Oman ipo. Wawili wakapoteza maisha. Mengine mnayajua kuliko mimi.

Na ujuzi msiniambie hatuna, hapo tutagombana. Husuni Kubwa, jumba la sultani kule Kilwa, ilijengwa karne ileile ya 14 ambayo Wavenzone waliweka wakfu kanisa lao. Mafundi wetu walichoma chokaa, wakairoweka, wakaiacha ilale ndipo waiguse; wakajenga kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, ukuta ukapumua karne na karne. Kisha anakuja mtu na mfuko wa saruji, anapiga plasta safi, anapigwa picha. Unyevu unanasa ndani, chumvi inakula jiwe, baada ya masika chache plasta inadondoka na nusu ya ukuta. Nani asiyelijua hilo Mji Mkongwe? Mtoto wa Shangani analijua. Na bado saruji inamwagwa!

"Wao wana hela." Friuli hii ilikuwa ya watu waliokimbia umaskini, wakachimba makaa ya mawe Ubelgiji, wakahamia Argentina. Watu kama sisi.

"Njaa kwanza, makumbusho baadaye." Sawa kabisa! Baada ya tetemeko Wafriuli walipanga hivi: kwanza viwanda, halafu nyumba, mwisho makanisa. Kanisa lilingoja zaidi ya miaka kumi. Lakini mawe yake yalikuwa yamehifadhiwa yakilisubiri, wala hayakufukiwa kwenye barabara ya mtu.

Wala sisemi Italia yote iko hivi. Bonde la Belice, Sicilia, lilipigwa na tetemeko 1968, na watu wakaozea kwenye mabanda miaka na miaka. Kwa hiyo tusiambiane ni damu ya Kizungu. Nchi moja, serikali moja, kifusi kimoja kimeokotwa jiwe kwa jiwe na kingine kimewatesa watu.

Na yule ambaye tayari anaandika "basi rudi ukaijenge nyumba ya babu yenu": ningerudi hata kesho, bwana. Ina warithi Muscat, Toronto na Mombasa, hakuna anayetaka kuuza, hakuna anayetoa hata shilingi ya paa, na kila ninapotaja fundi wa chokaa kwenye grupu la familia, ami yangu ananijibu kwa sauti ya dakika nne kuhusu bei ya saruji.