Friji ya Mangi inaimba

Jumamosi nilisimama dukani kwa Mangi hapa Majengo, hedifoni masikioni, nikisogeza koili taratibu ubavuni mwa friji ya soda. Ulianza mvumo mzito uliotulia, kama mtu anayeguna huku kafumba mdomo. Nilipozunguka nyuma, karibu na mota, ukawa unakwaruza. Mara mota ikazima yenyewe, na hapo ndipo nikasikia sauti nyembamba ya taa ya juu ya rafu, ambayo muda wote ilikuwa imefunikwa. Mangi akaomba hedifoni. Alikaa nazo mpaka mteja akagonga dirisha kwa sarafu.

Koili yenyewe ni waya mwembamba wa shaba nilioutoa kwenye transfoma ya redio mbovu, nikauzungusha kwenye msumari mara mia kadhaa na kuuunga kwenye amplifaya ndogo. Maikrofoni hakuna. Umeme wetu wa nyumbani hupigapiga mizunguko 50 kwa sekunde, na kila waya unaoupitisha huzungukwa na usumaku unaotikisika vivyo hivyo. Usumaku huo ukiifikia koili, huzaa umeme kidogo, jambo alilolionyesha Michael Faraday mwaka 1831.

Msanii wa Ujerumani, Christina Kubisch, amekuwa akiwavisha watu hedifoni za aina hii na kuwaacha watembee mjini tangu mwaka 2004. Namheshimu sana kwa hilo. Ninaogombana nao ni wale wanaorekodi sauti hizi kisha wanazisafisha kwa kompyuta, wanaondoa mkwaruzo, wanaweka mwangwi, mpaka friji inageuka kinanda cha kanisani. Kwa nini? Sisi wa Ugogo ndio tungepaswa kulikataa hilo kwanza. Ilimba yetu, ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ina tundu linalozibwa kwa utando wa buibui makusudi, ili kila noti itoke na mvumo wake. Mvumo ule ndio utamu wenyewe, na mwanamuziki wetu marehemu Hukwe Zawose aliupeleka mbali duniani bila kuusafisha. Anayeniambia hizi ni kelele tu, namwomba akaisikilize ilimba upya.

Tena sauti nyingine zinatutoka. Mnakumbuka simu ilivyokuwa ikitaka kuita, redio inatangulia kulia *trrr-ti-ti, trrr-ti-ti*? Simu za 2G, yaani za kizazi cha pili, hurusha mawimbi kwa vipande vifupi, takriban mara 217 kwa sekunde, na amplifaya ya redio ikavinasa. Simu mpya nyingi hazifanyi hivyo. Watoto wangu hawaijui kabisa ile sauti.

Kwa hiyo nimeanza kuzirekodi kabla hazijapotea, kwanza simu ya vitufe ya mama. Niliiweka mezani, koili pembeni yake, nikamwambia dada apige. Kwanza vile vipande, vikali kweli, halafu kimya kifupi, kisha sauti ya dada kupitia sumaku ya kispika cha simu: "Shikamoo mama." Marahaba ya mama haimo. Aliitamka hewani, na koili haisikii hewa.