Anayeshuka kwenye ndege apatiwe bei kabla hajapanda

Aprili, masika yamekolea, mama alikuja Dar kutoka Mwanza kwa ajili ya kliniki ya macho. Nilikuwa kazini na ruhusa sikupata, kwa hiyo nikamwitia gari kwa programu ya simu. Makadirio yalisoma shilingi 26,000 kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi kwangu Mbezi Beach. Nikarudi kwenye kazi zangu nikijua mambo yamekwisha.

Gari likaja, Toyota IST, buti lote mtungi wa gesi. Siku hizi magari mengi ya abiria hapa mjini yamefungwa mfumo wa gesi, na huo mtungi hauna pengine pa kukaa. Mama alikuwa na sanduku na ndoo ya sato waliogandishwa. Sanduku likapakiwa kiti cha mbele, ndoo akaipakata mwenyewe, mtu wa miaka 68 aliyekuja kutibiwa macho. Hawajaondoka, dereva akanipigia: "Dada, bei ya kwenye simu hailipi, na mzigo ni mwingi. Ongeza elfu kumi tu." Mama keshakaa ndani, mvua inamwagika, simu yake inakaribia kuzima. Nikaongeza.

Kuanzia hapo nikawa naangalia ramani. Tazara walipita vizuri, wakaingia Barabara ya Mandela, na kule malori ya bandarini yalikuwa yamepanga foleni. Kile kigari kwenye ramani kilisimama Buguruni hadi nikadhani intaneti imekatika. Walifika baada ya saa mbili na nusu. Programu ikadai 37,000, na ile elfu kumi juu yake. Maji ya sato yalikuwa yamelowesha gauni la mama mpaka magotini.

Tangu siku hiyo msimamo wangu ni mmoja, na nimeshabishana na ndugu zangu kuhusu jambo hili: mtu anayetoka uwanja wa ndege akodiwe gari mapema kwa bei moja iliyokubaliwa. Mita, au simu inayohesabu kilomita na dakika, ibaki kwa safari za kutokea nyumbani.

Sababu yangu ni kwamba nikiwa nyumbani nina uwezo wa kukataa. Bei ikipanda, nasubiri robo saa. Dereva akianza "ongeza kidogo", nafuta, naita mwingine, au natoka nikapande bajaji. Anayeshuka kwenye ndege hana nafasi hiyo. Amechoka, ana mizigo, pengine hajui hata Tazara iko upande gani. Na mita inamtoza kwa kila dakika ya foleni ambayo hakuisababisha na wala hana njia ya kuikwepa. Foleni ya Dar anayeijua ni dereva. Basi yeye ndiye aipigie hesabu kabla, aseme bei yake, tukubaliane.

Hata miji iliyozoea mita imeliona hili. Ufaransa ilitoa amri kwamba kuanzia Machi 2016 teksi kati ya uwanja wa Charles de Gaulle na Paris zitoze bei isiyobadilika: euro 50 kwa upande wa kaskazini wa mto Seine na 55 kwa upande wa kusini. Viwango hivyo vimepanda tangu hapo, ila utaratibu ni uleule, na foleni haimwongezei abiria hata senti. New York nako, teksi ya manjano kutoka JFK kwenda Manhattan ina bei yake maalumu, dola 70 tangu Desemba 2022, ingawa juu yake kuna tozo za barabara na nyongeza nyingine. Jirani zetu wa Kariakoo wanaofuata mzigo Dubai watanipinga, maana kule teksi ya uwanjani huanza na dirham 25 kwenye mita na hawajawahi kuona tatizo. Nawaelewa. Dubai mita inasimamiwa na mamlaka, na dereva hakupigii simu kuomba nyongeza. Teksi zetu za kijiweni hazijawahi kutegemea mita, bei ni mdomo, na simu ilipokuja kuwa mita yetu, mdomo haukufungwa.

Madereva siwalaumu sana. Kampuni inakata kamisheni yake kwanza, halafu yeye anabaki na mafuta na hesabu ya mwenye gari. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ilipoweka ukomo wa kamisheni kuwa asilimia 15, mvutano ulikuwa mkubwa hadi kampuni moja ya nje ikasimamisha huduma Aprili na kurejea Januari 2023. Wakubwa wakivutana, anayeombwa elfu kumi ni abiria.

Lakini bei ya mapema nayo ina mitego. Kuna hoteli iliwahi kunitajia kwa mgeni wangu bei iliyokaribia mara tatu ya niliyopata kijiweni. Kwa hiyo piga simu kwa dereva mwenyewe. Mpe namba ya ndege, maana saa ya kwenye tiketi haitoshi, ndege huchelewa. Mwulize maegesho analipa nani, na kusubiri kumo kwenye bei au hakumo. Na mwulize buti! Mizigo ya Mwanza si ya mkononi.

Agosti mama alirudi. Safari hii nilizungumza na dereva wa kijiwe chetu, mzee anayeegesha karibu na duka la dawa, tukapatana 40,000 na kusubiri kumo. Ndege ilichelewa kwa saa mbili kasoro. Saa tatu usiku akanipigia, nikasikia sauti ya mama nyuma yake ikiitikia "marahaba", kisha yeye akasema, "Nimempata, dada. Ndoo iko kwenye buti, nimeitandikia turubai." Alipofika nilimpa 40,000 yake. Hakuomba zaidi, nami nikampa sato wawili.

Kliniki inayofuata ni Novemba. Nimeshampa namba ya ndege.