Mpango mkakati wa ufundishaji uanze kwa kumjibu mwanafunzi

Nimesoma shahada ya kwanza Tanzania na sasa ninaishi Uingereza, ambako nimefundisha semina za chuo kikuu, na ninaamini kwamba vyuo vyetu havijapungukiwa na mipango mkakati. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Programu ya Mageuzi ya Kitaasisi mwaka 1994 na leo kina Dira ya 2061. Serikali nayo, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021, inatekeleza mradi wa HEET, yaani Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, unaojenga madarasa na maabara, kusomesha wahadhiri na kuhuisha mitaala. Haya ni mambo makubwa, nami nayafurahia. Hata hivyo, jengo linahesabika kwa urahisi katika ripoti ya utekelezaji, ilhali kujifunza kwa mwanafunzi hakuhesabiki hivyo, na hapo ndipo mipango yetu inapolegea.

Hapa Uingereza, tangu mwaka 2005, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza hujaza dodoso la kitaifa ambalo matokeo yake hutangazwa hadharani, na swali mojawapo linahusu iwapo ni wazi kwamba maoni yao yamefanyiwa kazi. Swali hilo limebadilisha tabia za idara kuliko waraka wowote, kwa sababu mkuu wa idara anajua kwamba ataulizwa. Katika chuo nilichosoma nyumbani, tulijaza fomu za kumtathmini mhadhiri kila mwisho wa muhula, zikakusanywa, na hatukusikia tena habari zake. Majaribio nayo yalirudi yakiwa na alama tupu, pengine siku chache kabla ya mtihani, na aliyepata sapu, yaani mtihani wa marudio, hakuelezwa alipokosea. Siwalaumu wahadhiri: mwenye mamia ya wanafunzi katika somo moja, na ambaye kupandishwa kwake cheo kunategemea zaidi machapisho, atapata wapi muda na sababu ya kuandika maelezo pembezoni mwa kila karatasi?

Sisemi tuige kila kitu. Mwaka 2017 Umoja wa Kitaifa wa Wanafunzi wa hapa Uingereza uliongoza mgomo dhidi ya dodoso hilohilo, kwa kuwa serikali ilikusudia kulihusisha na upandishaji wa ada, na hoja yao ilikuwa ya haki. Isitoshe, sijaona hapa kitu kinachofanana na vimbweta vyetu, yaani meza na viti vya zege vya nje, ambako wanafunzi hukaa hadi usiku wakichambuliana mada, aliyeelewa akimweleza asiyeelewa. Huo ni ufundishaji kamili, nao unastahili kupewa taa, intaneti na mhadhiri msaidizi wa kupita jioni kusikiliza maswali.

Ninachopendekeza hakihitaji mkopo. Katika wiki ya kwanza ya kila muhula, kila idara ibandike ukurasa mmoja unaoeleza wanafunzi waliotangulia walisema nini, kipi kimebadilishwa, na kipi kimeshindikana na kwa sababu gani. Kisha kamati ya kupandisha vyeo izisome kurasa hizo pamoja na orodha ya machapisho ya mhadhiri.