Piga Deki Kwanza, Ndipo Upige Picha

Mke wangu hajazoea. Mji una bahari, una nguzo ya Vasco da Gama, una machweo ya bure kila jioni, na mume wake anajifungia na kamera kwenye vyoo vya baa za Malindi.

Wapenzi wa picha za aina hii wengi hutaka kinyaa. Koki inavuja, sinki lina ufa, ukuta umechorwachorwa, na sakafu lazima iwe ya kuziba pua. Kwao huo ndio ukweli wa mtaani. Mimi nasema wanachanganya uchafu na uchakavu. Uchafu ni wa jana usiku. Ndoo ya maji na jiki kidogo, umekwisha. Uchakavu ni wa miaka. Upepo wa chumvi umeila bawaba mpaka mlango unafungwa kwa waya. Rangi imebambuka, chini yake kuna rangi nyingine, na nyingine tena, kila mwenye baa alikuja na yake. Hiyo haisuguliki ikatoka.

Kusema kweli sikuyajua haya peke yangu. Asubuhi moja mama anayesafisha choo cha baa fulani alinikuta nimepiga magoti na kamera. "Mwanangu," akaniambia, "mimi hapa napiga deki kila siku. Wewe waja kabla yangu, wapiga picha, watu waseme sikifanyii kazi choo hichi?" Nikatoka, nikanywa chai, nikarudi alipomaliza. Zile za mwanzo nilizifuta zote.

Na wakubwa wa sanaa hii hawakuhitaji kinyaa. Bakuli la kukojolea alilolipeleka msanii Mfaransa Marcel Duchamp kwenye maonyesho ya sanaa ya New York mwaka 1917 lilikuwa jipya kutoka dukani. Lenyewe lilipotea, tunalijua kwa picha aliyoipiga Alfred Stieglitz. Mpiga picha Mmarekani Edward Weston naye, Meksiko mwaka 1925, alipiga picha choo cha nyumbani kwake kikang'aa kama sanamu ya marumaru. Hata kwetu, nyumba za zamani za Lamu zilifugiwa visamaki ndani ya birika la maji la chooni ili wawale viluwiluwi wa mbu. Waswahili hawakudharau chumba hiki.

Nambari za simu zilizoandikwa ukutani naziziba, hasa zenye majina ya wasichana. Aliyeandika hakuomba ruhusa, na mimi sitamsaidia kueneza.

Saa ninayoipenda ni adhuhuri, deki imeanza kukauka. Baa nyingi za uchochoroni choo chake kimeezekwa bati, na bati kuukuu halikosi tundu la msumari. Jua likipita hapo linaangusha kiduara cheupe sakafuni. Tundu lenyewe huenda ni la pembepembe, lakini kiduara ni mviringo, kwa sababu ile ni sura ya jua lenyewe: choo kimegeuka kamera, na mimi nimo ndani yake. Kiduara kinatambaa polepole kuelekea kwenye ndoo. Nasubiri kiguse mpini wa kopo. Kimebakisha vidole viwili hivi, mlango unagongwa.

"We ndugu! Wazaa humo?"