Herufi moja tu, eti gari halina bima!

Hivi jamani, bima umelipa, risiti unayo, meseji ya malipo unayo, halafu unasimamishwa barabarani unaambiwa gari halina bima kisa karani aliandika B badala ya D kwenye namba ya gari?? Chesisi ni ile ile, jina ni lile lile, ila kwa kompyuta hilo ni gari lingine na wewe ni mhalifu sugu.

Haya, faini hiyo, kakate rufaa sasa. Watu wa bima wanakwambia tushasahihisha, kaongee na polisi. Polisi nao wanataka barua inayosema siku ile ulikuwa na bima. Unarudi bima, barua unapewa, ina tarehe ya leo! Ya leo inanisaidia nini mimi?? Na huku muda wa rufaa unayoyoma, na ukisema ulipe tu faini yaishe ndo umeshakiri kosa hivyo, mwakani hao hao bima wanakupandishia bei eti dereva hatarishi. Hatarishi nani, mimi au kidole cha karani wenu? Yeye kaandikiwa faini ya shilingi ngapi?

Mliowahi kushinda hizi rufaa mlipitia mlango gani, maana mimi kila ninaogonga naelekezwa wa jirani.